Glasi Isiyo na Pombe Imepungukiwa na Nini?

Glasi mbili zilikuwa mezani, zote zimejaa kinywaji chekundu cha beri kilichokolea, zote zimechomekwa tawi la mnanaa. Moja ilikuwa na jini, ile pombe kali. Ya pili haikuwa nayo. Wifi yangu hanywi pombe, kwa hiyo akavuta ile ya pili, akapiga mafunda mawili matatu, kisha akaitua na kubaki akiitazama.

"Wifi, hii yangu imepungukiwa na nini?"

Hakuuliza kwa kulalamika. Ana ulimi mwepesi wa kutambua ladha, na akiuliza jambo la namna hiyo anataka jibu. Nikamwambia haina jini, basi. Akatikisa kichwa. "Jini siitaki wala siitamani. Kuna kitu kingine hakimo."

Swali likanikaa.

Beri zilikuwa zilezile, ndimu ileile, mnanaa wa shada moja. Nikawa nalirudia kila nikiosha majani au nikikamua ndimu, kwa wiki kadhaa. Ukisoma mapishi ya kokteli ya beri na mnanaa, mengi huishia na mstari mmoja mfupi: kwa wasiotumia pombe, usiweke pombe. Nilikuwa nimeusoma mstari huo mara nyingi bila kuushtukia, na sasa ukaanza kunikera. Hakuna anayeandika kwenye mapishi ya keki kwamba asiyekula mayai atoe mayai, kisha aendelee kama kawaida. Yai lina kazi yake ndani ya keki, na ukilitoa lazima kazi hiyo ifanywe na kitu kingine.

Basi pombe ina kazi gani ndani ya glasi?

## Vitu vinne

Mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, lilimjibu msomaji aliyeuliza kokteli ni kitu gani. Jibu lilitaja vitu vinne: pombe kali ya aina yoyote, sukari, maji, na dawa chungu za mitishamba.

Tunda halimo. Mnanaa haumo. Hata barafu haikutajwa.

Nilipolitafakari jibu hilo, niliacha kuangalia beri kama moyo wa kinywaji. Sukari imewekwa ili kuulaza ukali wa pombe. Maji yamewekwa ili kuupunguza. Uchungu umewekwa ili utamu usitawale. Vitu vitatu vyote vinashughulika na kitu kimoja, na mtu akikiondoa hicho kimoja, vingine vinabaki bila wa kushindana naye. Sukari inakuwa tamu tu. Maji yanakuwa maji tu. Ndiyo maana glasi ya wifi ilionja kama juisi nzuri iliyozimuliwa, na juisi nzuri hunywewa kwa pupa ikaisha. Haimfanyi mtu akae nayo jioni nzima.

Kwa hiyo nikaacha kujiuliza niweke nini badala ya jini. Nikajiuliza jini ilikuwa inafanya nini, kazi moja moja.

## Moto

Kazi ya kwanza anaijua kila aliyewahi kuonja pombe kali: inaunguza.

Mwaka 1997 mwanasayansi David Julius na wenzake, huko California, waligundua kipokezi cha neva kinachoitikia ukali wa pilipili. Kipokezi hichohicho hufunguka kwa joto linalokaribia kuunguza, nyuzi 42 au 43 za Selsiasi hivi. Kisha mwaka 2002 watafiti wengine wakaonyesha kwamba pombe nayo hukichokoza, tena kwa namna ya ajabu: inashusha kiwango cha joto kinachohitajika hadi karibu nyuzi 34. Mdomo wa binadamu una joto zaidi ya hapo. Ina maana sehemu ya ule moto wa jini ni joto lako mwenyewe, ambalo kwa kawaida hulitambui.

Hapo ndipo nilipopata mwanga wa kwanza. Ikiwa pilipili na pombe zinabisha mlango mmoja, basi mtu asiyetumia pombe anaweza kupewa moto kwa njia nyingine.

Pilipili nilikuwa na shaka nayo tangu mwanzo, na shaka ikathibitika. Moto wake unakaa. Pombe huunguza, ikapita, ulimi ukarudi kwenye beri. Pilipili hubaki mdomoni na funda linalofuata hulioni vizuri. Tangawizi ina tabia bora zaidi. Ukali wake nao hupitia kipokezi hichohicho, lakini unainuka taratibu, unakaa nyuma ya koo, na unaiacha harufu ya tunda itembee. Kuna pia harufu yake mwenyewe, yenye kitu cha limau ndani, ambayo haigombani na mnanaa.

Kijiko kimoja cha chai cha maji ya tangawizi mbichi, iliyokwaruzwa na kukamuliwa kwa kitambaa, kinatosha glasi nzima. Ukizidisha, umetengeneza kinywaji cha tangawizi chenye beri.

## Mnanaa na pua

Hapa nilikaa muda mrefu kuliko kwingine kote, kwa sababu mnanaa ndio niliodhani naufahamu.

Chukua jani moja ulielekeze kwenye mwanga, ukiwa na kioo cha kukuzia vitu. Utaona vitone vidogo vinavyong'aa kwenye ngozi ya jani. Hivyo ni vifuko vya mafuta, na ndiyo harufu yote unayoitafuta. Vimekaa juu, nje kabisa. Ndani ya jani kuna rangi ya kijani na maji machungu yenye ladha ya nyasi. Mtu anayetwanga mnanaa kwa mchi hadi ukawa uji anapasua vifuko kwa sekunde ya kwanza, na muda wote unaobaki anachuruzisha uchungu. Jani lililopondwa pia linaanza kugeuka jeusi likikutana na hewa, na ladha yake inageuka pamoja na rangi.

Vifuko ni dhaifu. Kupiga jani kofi kati ya viganja vyako kunavipasua.

Mnanaa nao una aina. Ule wenye majani ya kijani kibichi yaliyokunjamana, Mentha spicata, harufu yake hutokana zaidi na kemikali iitwayo karvoni. Ni laini, tamu, inakaa vizuri na matunda. Ule wa peremende, wenye majani meusi kidogo na shina linaloelekea zambarau, una mentholi nyingi. Mentholi hufungua kipokezi cha baridi cha neva, kile ambacho David Julius na Ardem Patapoutian walikitambua kila mmoja kwa upande wake, kwa kutumia mentholi hiyohiyo. Kwa kazi zao juu ya vipokezi vya joto, baridi na mguso walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Kinywaji hakijapoa hata kidogo, lakini neva inaripoti baridi.

Kwa muda nilidhani peremende ndiyo jibu, maana tunatafuta kiburudisho. Ladha ikakataa. Mentholi ikiwa nyingi inafunika beri, na kinywaji kinanuka dawa ya meno. Nimebaki na mnanaa laini.

Lakini swali la wifi lilikuwa bado halijajibiwa hapa, kwa kuwa mnanaa huohuo ulikuwa kwenye glasi zote mbili. Tofauti iko kwenye maji. Mafuta ya mnanaa hayayeyuki vizuri majini. Yanayeyuka vizuri kwenye pombe. Glasi yenye jini inayashika na kuyatoa kidogokidogo, funda kwa funda. Isiyo na jini inayaachia yapande hewani mapema, na baada ya dakika chache kinywaji kimebaki na majani ya kijani yasiyo na habari.

Sikupata kitu cha jikoni cha kuyashika mafuta kama pombe inavyoyashika. Kilichosaidia ni kubadili namna ya kuyaleta. Kwanza, majani nayasugua na sukari kavu kwa vidole, taratibu, hadi sukari ianze kulowa na kunuka. Punje zinapasua vifuko bila kuliharibu jani, na mafuta yanatawanyika kwenye sukari badala ya kuelea. Kisha ndimu inafuata mara moja, kwa sababu ukali wake unachelewesha jani kuwa jeusi. Pili, tawi la juu si pambo. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu inayopanda puani, na tawi lililopigwa kofi na kuchomekwa karibu na mrija hulipa kila funda harufu mpya. Mrija uwe mfupi, pua ifike kwenye majani. Ukiwa mrefu, mnanaa unanusa dari.

## Rangi inayobadilika

Kuhusu beri zenyewe sina mengi ya kusema, na nadhani ndizo zinazosemewa kupita kiasi.

Zilizogandishwa ni bora kuliko zinavyosifiwa. Maji ndani ya tunda yakiganda, vipande vya barafu vinapasua kuta za chembe zake, kwa hiyo likiyeyuka linaachia maji yake lenyewe, kwa kuguswa tu na kijiko. Kwa keki huo ni msiba, kwa glasi ni baraka. Zile mbichi zinahitaji sukari na nusu saa ya kusubiri ili zifike hapo. Usizichemshe. Beri iliyochemshwa ina ladha ya jamu, na jamu ni kitu kizuri sana mahali pengine.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kila mtu alione kwa macho yake angalau mara moja. Ponda bluberi chache kwenye maji kidogo. Utapata rangi ya zambarau iliyopauka, karibu ya kijivu. Kamulia ndimu. Papo hapo inageuka nyekundu, inang'aa. Rangi za beri huitikia uchachu: kwenye uchachu mkali huwa nyekundu, uchachu ukipungua zinaelekea zambarau na buluu. Mimi sasa naitumia kama kipimo. Kinywaji kikiwa na rangi ya huzuni, kabla ya kuonja naongeza matone ya ndimu, na mara nyingi ulimi unakubaliana na jicho.

Chumvi, punje chache tu, kati ya vidole viwili. Inapunguza uchungu na kulifungua tunda. Hupaswi kuisikia.

## Baridi ina gharama yake

Kazi nyingine ya pombe sikuitegemea kabisa.

Barafu hupoza hasa kwa kuyeyuka. Gramu 1 ya barafu ikiyeyuka inanyonya takriban jouli 334, ilhali kupoza gramu 1 ya maji kwa nyuzi 1 ni kama jouli 4.2 tu. Piga hesabu: gramu 100 za kinywaji chenye nyuzi 20, kushuka hadi karibu sifuri, zinahitaji takriban gramu 25 za barafu ziyeyuke ndani yake. Huwezi kupata ile baridi bila kupokea na yale maji. Ndiyo maana mtu wa 1806 aliyahesabu maji kuwa kiungo kamili.

Kwa pombe, jambo hili linaenda mbali zaidi. Mchanganyiko wenye pombe huganda chini ya sifuri, kwa hiyo ukiutikisa na barafu unaweza kushuka nyuzi kadhaa chini ya sifuri ukiwa bado unamiminika. Kinywaji kisicho na pombe kinaishia karibu na sifuri, hata ukitikisa hadi mkono ugande. Glasi mbili zilizotikiswa sawasawa, kwa barafu ileile, hazina baridi sawa.

Wifi alikuwa na kinywaji chenye joto zaidi kuliko changu! Kwa nyuzi chache tu, lakini ulimi unajua.

Barafu iliyosagwa huongeza tatizo. Dick Bradsell, aliyekuwa akichanganya vinywaji London, alitunga katika miaka ya 1980 kokteli iitwayo Bramble: jini, limau, sukari, na pombe tamu ya beri nyeusi inayomwagiwa juu ya barafu iliyosagwa. Ni kinywaji kizuri sana, na barafu ile inakifaa kwa kuwa jini ina nguvu ya kustahimili maji yanayoyeyuka haraka. Kopi yake isiyo na pombe inazama. Ndani ya dakika chache umebaki na maji mekundu.

Kwa hiyo kwa glasi isiyo na pombe mimi nafanya kinyume: vipande vikubwa vya barafu, glasi iliyokaa kwenye friza, na kila kinachoingia kiwe kimeshapoa kabla. Baridi ikiletwa kutoka nje ya glasi, maji hayahitaji kuingia.

## Ukakasi

Moto ulikuwa umepatikana, harufu imesogezwa puani, baridi imeboreshwa. Nikamkaribisha wifi tena. Akasema imependeza, na kwa sauti yake nikajua bado.

Ilinichukua muda kukubali kwamba kilichobaki si ladha kabisa. Ni uzito. Pombe ina namna ya kulikausha funda mwishoni, ya kuupa ulimi ishara kwamba limekwisha, subiri kidogo, kisha chukua jingine. Juisi haina nukta. Inateremka moja kwa moja.

Ukakasi ndio uliokosekana, ule wa ndizi mbichi na wa chai iliyokaa sana.

Chai ikawa jibu, na nilipoifikia nilijiuliza ilikuwaje sikuifikiria siku ya kwanza. Chai ya rangi, kali, iliyoachwa kwenye maji ya moto dakika 5, bila sukari, kisha ikapozwa. Tanini zake, yaani kemikali za ukakasi, zinashikana na protini za mate, na mdomo unahisi kukauka kidogo. Zinaleta pia uchungu ule wa nne wa gazeti la Hudson. Ikipoa kwenye friji huenda ikaingia ukungu. Usihangaike nao, ladha haijaharibika. Niliwahi kujaribu siki pia, kijiko kidogo badala ya sehemu ya ndimu, na inapanda puani kwa namna inayokaribia pombe. Lakini siki inataka beri zilizoiva sana, na harufu yake inapigana na mnanaa. Kwa stroberi pekee, bila mnanaa, ningeichagua.

Wifi alipoonja ile yenye chai hakusema kitu kwa muda. Akapiga funda, akaongea habari nyingine, akarudi kwenye glasi, akaongea tena. Baadaye ndipo akaniuliza nimeweka nini.

## Ninavyoitengeneza sasa

Vipimo hivi ni vya glasi moja kubwa.

Andaa chai mapema, mililita 60, iwe baridi kabisa. Kwenye chupa pana yenye mfuniko weka majani 8 hadi 10 ya mnanaa na vijiko viwili vya chai vilivyojaa vya sukari, usugue kwa vidole hadi sukari inuke. Kamulia ndimu, mililita 20. Tia gramu 70 za beri zilizogandishwa zikayeyuka nusu, uzibonyeze kwa mwiko hadi zipasuke, bila kuusaga mnanaa. Weka chai, kijiko cha chai cha maji ya tangawizi na punje za chumvi. Onja hapohapo. Iwe kali na tamu kupita unavyotaka, kwa sababu barafu na maji ya gesi bado yanakuja.

Funga, tikisa na vipande vinne vitano vya barafu kwa sekunde 10 hivi, si zaidi. Chuja kwenye glasi iliyotoka friza yenye barafu mpya, kwa chujio pana ili nyama ya beri ipite na vipande vya majani vibaki. Malizia na mililita 60 za maji ya gesi yaliyopoa sana. Yakiwa vuguvugu gesi inatoroka ukiwa bado unamimina. Piga tawi kofi, lichomeke kando ya mrija mfupi.

Hiki ndicho kinywaji kamili, na ndicho ninachowatengenezea wote. Zamani nilianza na jini, nikaitoa kwa asiyeitaka. Sasa anayeitaka ndiye anayenipa kazi ya ziada: namwekea mililita 45, ambazo kwa jini ya asilimia 40 ni kama gramu 14 za pombe tupu, kisha napunguza chai na tangawizi kwa nusu, maana moto na ukavu jini inavileta yenyewe. Na yeye namtikisia kwa muda mrefu zaidi.